Kurasa Tisa za Mkasi

Benchi la nje ya duka la fundi saa lina miguu mitatu na tofali. Asubuhi hiyo upande wa tofali alikaa Mkasi, kahawa mkono mmoja, karatasi mkono mwingine. Miaka thelathini alikuwa akiwapigia watu taipu kwenye kibaraza cha posta, akizipunguza barua zao mpaka ubaki mfupa; jina likamganda. Sasa mashine imelala kabatini, naye kamwandikia kaka yake kurasa tisa. Hawajasemezana miaka sita. Basi la kubeba barua linaondoka saa nne.

— Tisa? Fundi Saa akacheka. Si wewe uliyenifutia salamu zote nilipoposa?

— Nikakufutia, ukakubaliwa. Haya, nisaidieni kukata.

— Toa ukurasa wa kwanza, akasema Dereva, mstaafu wa malori. Huo wa kupasha injini tu. Gari halijatoka.

— Na wa mwisho, akadakia Fundi Saa. Huo breki. Katikati, futa mstari, acha mstari. Msomaji mwenyewe huruka, tumpunguzie kazi.

— Mie ningetuma bahasha tupu, akasema Dereva. Aone mwandiko wako juu, mengine ajazie.

— Nyie mna wazimu, Mkasi akafoka. Humu kila neno la kweli. Alichoniambia kwenye msiba wa mama. Nilichomjibu. Nani aliondoka kwanza.

Mwanamke aliyekuja kuchukua saa yake ya ukutani alikuwa kasimama akisikiliza.

— Samahani, baba. Kaka yako akishamaliza kusoma, afanye nini?

Mkasi akaweka kahawa chini. Swali lilikuwa lake mwenyewe. Ndilo alilomuuliza kila mteja kabla ya kuingiza karatasi mashineni. Asiye na jibu alirudishwa nyumbani akafikiri. Akakiona tena kile kibaraza, kengele ya mashine ikilia kila mwisho wa mstari, na kaka yake akifika saa saba na chungwa moja, wagawane.

Akapekua kurasa zote tisa. Jibu halikuwemo. Akazikunja, akatia mfukoni, akachana karatasi kwenye daftari la Fundi Saa, akaandika:

"Kaka, njoo Jumamosi. Chungwa nitaleta mimi."

Fundi Saa akachungulia begani.

— Hilo "mimi" halina kazi. Lifute.

— Liache, akasema Mkasi, akainuka kuliwahi basi.