Mzee Kwa Nini na Kamera ya Gemu

Tarehe 30 Juni fundi wetu wa mitambo, anayejulikana kiwanda kizima kwa jina la Mzee Kwa Nini, atarudisha funguo za karakana baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mwendesha mashine ya vizibo, niandike maneno machache juu yake. Nadhani wamenichagua kwa sababu mimi ndiye mtu pekee aliyewahi kuifunika kamera yake kwa tambara. Nitafika huko.

Alianza kama kibarua wa kupaka grisi, wakati kiwanda chetu cha juisi kikiwa na mkanda mmoja na chupa zikifungwa kwa mkono. Jina lake alilipata wiki ya kwanza. Msimamizi alimwambia akaze nati fulani kila asubuhi, naye akauliza kwa nini nati hiyo inalegea kila siku. Hakuna aliyejua. Akaacha chakula chake cha mchana, akaingia chini ya mashine, akatoka na jibu pamoja na mafuta hadi kwenye nyusi. Tangu hapo nati ile haijalegea tena, na maswali yake hayajaisha.

Miaka sita iliyopita mashine ya gemu ya binti yake wa mwisho iliharibika, ikatupwa. Ikabaki kamera yake ndogo, ile inayowekwa juu ya televisheni ili mchezaji apunge mikono na kujiona akipigana na mazimwi. Mwingine angeona takataka. Yeye aliigeuzageuza, akahesabu vitundu vinne vya maikrofoni, akajiuliza kwa nini kitu cha kuchezea kipewe masikio manne. Kesho yake ilikuwa karakanani, imechomekwa kwenye kompyuta kuukuu tunayoandikia orodha ya vipuri.

Kompyuta ilikataa katakata kuitambua, maana kamera hiyo ilitengenezwa ifanye kazi na mashine yake tu. Mzee alipekua mtandaoni wiki nzima mpaka akapata programu iliyoandikwa na watundu wenzake, watu wa mbali wasiolipwa na mtu, ambao nao walijiuliza swali lilelile. Akaiweka, kitaa chekundu kikawaka, na uso wake ukatokea kwenye kioo. Mtunza stoo anasema alicheka peke yake mpaka ikabidi afute miwani.

Hapo ndipo tulipokosa amani. Kwa masikio yale manne kompyuta iliweza kuonyesha sauti inatoka upande gani, basi akayatumia kuusaka mlio uliotusumbua kwa miezi. Sote tuliilaumu kompresa. Kompyuta ilielekeza kwenye kiti cha mtunza stoo. Kisha akaifundisha kufuata rangi: alibandika mpira wa rangi ya chungwa kwenye toroli ili ahesabu safari zake za kutwa. Siku hiyo mpishi wa kantini alikuwa amejifunga kilemba cha rangi hiyohiyo, na ripoti ikaonyesha kwamba toroli limeingia jikoni mara arobaini na moja. Mpishi alitaka kujua kama na yeye atapakwa grisi.

Sasa habari yangu. Mwaka huohuo nilikuwa nimekalia kuti kavu. Zamu yangu ya mchana ilitoa chupa zenye vizibo vilivyokaa upande, kumi, kumi na tano kila saa, wakati zamu ya asubuhi ilitoa moja au mbili. Mashine ileile, chupa zilezile. Nilikuwa na barua mbili za onyo, na kwa utaratibu wetu ya tatu ndiyo ya kukutoa getini. Nina watoto watatu na ninawalea peke yangu. Nilifikia mahali pa kuiogopa mikono yangu mwenyewe.

Jumatatu moja niliikuta kamera imefungwa kwa waya juu ya mashine yangu. Sikuuliza. Nilijua wameileta kunikamata, nikatupa tambara juu yake. Mzee alikuja akalitoa, akaniambia kwa upole kwamba anaichunguza chupa, hanichunguzi mimi. Nikamwambia hilo hata paka wa stoo hawezi kuliamini, na mengine ambayo kijitabu cha sherehe hakiwezi kuyabeba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa nini naendesha chupa mia moja na ishirini kwa dakika. Nikamjibu kwamba ndio mwendo ulioandikwa kwenye kibati cha mashine. Wiki hiyo nilifanya kazi kama niko kwenye mtihani, na vizibo vikaendelea kukaa upande.

Mzee alikuwa amegundua kwamba kamera ile, ukiipunguzia ukubwa wa picha, inaweza kupiga picha mia moja na ishirini kwa sekunde. Jicho letu halifui dafu. Picha za siku ya kwanza zilikuwa giza tupu, kwa sababu kasi hiyo inataka mwanga mwingi. Za siku ya pili zilijaa mistari, kumbe taa zetu za dari huwaka na kufifia upesiupesi bila sisi kuona. Siku ya tatu aliazima tochi mbili za walinzi. Siku ya nne aliniita karakanani.

Tulitazama sekunde moja kwa dakika mbili. Chupa inaingia, inateleza, inagusa kitu, inainama kidogo sana, kizibo kinashuka, chupa inasimama wima tena. Kilichoiinamisha kilikuwa kichwa cha bolti kilichochomoza kwenye reli ya pembeni. Mashine ikiendeshwa polepole chupa ilipita salama, na wenzangu wa asubuhi, ilikuja kujulikana, walikuwa wamejipunguzia mwendo kimyakimya. Aliyefuata kibati nilikuwa mimi peke yangu.

Mzee hakushangilia. Aliitazama bolti ile muda mrefu, akavua miwani. Miezi mitatu nyuma stoo iliishiwa bolti fupi, na fundi mmoja akafunga ndefu kwa muda, akikusudia kuibadilisha, akasahau. Fundi huyo alikuwa yeye.

Angeweza kuibadilisha kwa dakika tano na mtu asijue nani aliyeifunga. Wiki ileile meneja alikuwa akiteua mkuu wa karakana, na jina lake ndilo lililokuwa la kwanza kwenye orodha. Alichukua kitabu cha hitilafu, akaandika tarehe, bolti, na jina lake kwa herufi kubwa, kisha akaibeba kompyuta nzima kwenda kwa meneja, nyaya zikiburuta sakafuni. Barua zangu mbili zilifutwa. Ukuu wa karakana ulikwenda kwa mwingine.

Aliniomba radhi siku hiyo, nami kwa hasira za miezi mitatu nikamjibu vibaya. Baadaye niliona haya kuirudia habari hiyo, na miaka ikapita tukisalimiana tu na kutaniana. Nilipoombwa kuandika nilikubali kabla hawajamaliza kusema.

Mzee wetu, nenda ukapumzike kwa afya na furaha, na nyumbani wakuvumilie kama tulivyokuvumilia sisi. Kwenye cheti utakachokabidhiwa imeandikwa "Fundi Daraja la Pili". Iko siku wajukuu zako watakisoma, na kwa kuwa ni damu yako watauliza kwa nini babu hakuwahi kuwa mkuu wa karakana. Waonyeshe ukurasa huu. Waambie sababu ni mimi, na kwamba barua ya tatu haikuandikwa.