Nafasi ya Anastazia

Katika basi la kwenda Shelui, mbele yangu aliketi mwalimu wa Kiingereza wa sekondari pamoja na Mama Sijaona, muuza vitenge wa kwetu. Mwalimu alikuwa akilalamikia mchezo wa kuigiza ambao wanafunzi wake waliuonyesha katika kijiji cha ujamaa. "Mtazamaji anajua adui kajificha ndani, msichana hajui. Huo ndio utamu wake. Wazee wakasimama wakamwonya kwa Kinyiramba."

"Na mimi ningesimama, mwalimu."

"Ungeniharibia somo, mama."

"Liharibike. Kujua halafu kunyamaza ni roho mbaya."

Nilimpenda kwa jibu hilo.

Sauti ya mwalimu ikashuka. "Aliyeigiza yule msichana hajarudi tangu likizo. Nafasi yake sijampa mtu. Darasani bado nasikia kama anasema maneno yake. Leo namfuata kwao, Anastazia wa mzee Alute."

Mama Sijaona akageukia dirishani. Jumamosi mimi naye tulikula nyama ya harusi ya Anastazia. Nami, mtunga mashairi ambaye kwa kalamu simwogopi mtu, nikainama kufunga kamba za viatu.

"Mnamfahamu?" mwalimu akauliza, akitabasamu.

Basi likasimama Shelui, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kushuka.