Gari la Nyuma

Benchi la mbele ya duka la Twila linatazama mfereji wa zamani, ule ambao nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, walikuwa wakivuta mashua za makaa. Sasa umebaki na vyura tu. Nyuma ya duka ni milima ya Maryland na njia za majipu, yale magari ya kupandia milima, mawe na matope matupu, na raha yake usiseme. Jumapili hiyo tulikaa watatu: Winchi, aliyepewa jina hilo kwa kunasa kila mahali mpaka avutwe, Matope, ambaye hajaosha gari tangu aoe, na mimi. Orval alipita na jipu lake la kijani, akapunga mkono, hakusimama. Tangu amzike mkewe Verna, anapanda huko peke yake, na inaniuma kumwona.

— Utamkuta pale njia panda ya korongo, Winchi akasema. Taa zinawaka, yeye katulia tuli. Saa nzima!

— Anapumzisha injini.

— Saa nzima, Matope? Injini ina mimba?

— Basi anavizia mali. Babu alisema kuna mashua ilizama mferejini na sanduku la fedha.

— Sasa mfereji uko chini, njia panda iko juu mlimani! Sanduku lilipanda kwa miguu?

— Lilibebwa na nyumbu!

— Enhe, hao nyumbu ndio wenyewe, Winchi akashusha sauti. Mizimu yao inapita pale na kengele shingoni. Ndiyo anayoisikiliza.

— Toka hapa! Mzimu wa nyumbu unataka nini kwa Orval?

— Unamdai majani.

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Tulicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Mara likaja gari limejaa vumbi, akashuka mama mmoja mgeni.

— Samahanini, kaka zangu. Huko juu kuna mzee kasimama njia panda. Nikamuuliza, baba, umeharibikiwa? Akasema hapana, anasubiri gari la nyuma. Na mimi nimetokea huko huko nyuma yake, njia nzima sikuona gari.

Kicheko kikakatika. Huku kwetu aliyetangulia haondoki njia panda mpaka aone taa za anayemfuata, asije akampoteza. Tunafundishana hilo kabla ya kushika usukani. Na miaka yote nyuma ya Orval alikuwa Verna, na jipu lake jekundu.

— Alikuwa anafuatana na mkewe, Matope akasema polepole. Amefariki.

— Maskini! Sasa hakuna mwingine wa kwenda naye?

— Ndiyo hivyo, mama. Hana mtu.

Yule mama akageuka, akatazama pale mbele ya duka.

— Na haya majipu matatu ni ya nani?

Winchi akachungulia kikombe chake.