Felismina wa Dirisha la Bima

Bibi Felismina Americo Namkuva, ambaye nusu ya mtaa wa Magomeni, Mtwara mjini, ilimwita Mama Neusa na nusu nyingine ikamwita "Sema Mwenyewe" akishageuza mgongo, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1969 katika kijiji cha Kilambo, Mtwara Vijijini. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Americo Namkuva na marehemu mama Ines Chitanda, waliovuka Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji wakati wa vita wakiwa na mkeka, sufuria na mbegu za mtama. Nyuma yake alizaliwa mdogo wake wa kiume, Eusebio. Ndugu hao wawili walikula sahani moja na kubishana maisha yao yote.

Alisoma Shule ya Msingi Kilambo kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, kisha sekondari ya wasichana huko Masasi hadi 1987. Felismina akiwa darasa la tano, mama yake alipewa vidonge vya malaria, akavimeza vyote kwa mkupuo ili apone upesi arudi shambani. Mungu alimnusuru, lakini kwa siku kadhaa hakusikia vizuri na hakuweza kusimama. Watu walimcheka mama Ines, wakasema si aliambiwa? Felismina hakucheka. Alisema waliompa dawa walimwambia, ni kweli, ila hakuna aliyemwuliza ameelewa nini. Neno hilo ndilo lililompeleka Dar es Salaam kusomea stashahada ya famasia, aliyohitimu mwaka 1991.

Alitumikia hospitali za serikali katika mkoa huu kwa miaka ishirini. Huko ndiko alikozoea kumzuia mgonjwa dirishani na kumwambia, "Haya, sema mwenyewe utaimezaje." Asiyeweza kusema hakuondoka. Foleni ilinung'unika, yeye akawa hana habari nayo.

Katika foleni hiyo alijitokeza kijana mwalimu, Fredi Mnali, mwenye kikohozi kisichosikika hata ukimwekea sikio kifuani. Alipoambiwa aseme mwenyewe, alijibu, "Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, na nirudi kesho." Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Walifunga ndoa takatifu tarehe 3 Septemba 1994, wakabarikiwa watoto wawili, Neusa na Elton. Mzee Fredi anasema kikohozi kile hakijapona mpaka leo.

Mwaka 2012 marehemu aliacha kazi ya serikali na kufungua Famasi ya Kwetu kule Magomeni. Mtaji ulikuwa akiba yake pamoja na mauzo ya korosho za Eusebio. Miaka miwili baadaye akafungua dirisha la bima, ili wastaafu, wajane na wote wenye kadi wapate dawa za presha na kisukari karibu na kwao. Utaratibu wake ni kwamba mgonjwa anaondoka na dawa, famasi inapeleka madai, na mfuko wa bima ya afya unalipa baadaye. Tatizo lilikuwa kwenye hiyo baadaye.

Ilipofika mwaka 2017 hali ilikuwa maji ya shingo. Madai yalirudishwa mafungu kwa mafungu, rafu zikabaki na panadol na pamba, na msambazaji wa dawa akawa hapokei simu. Eusebio, ambaye mtaji wake ulikuwa umelala humo, alikuja kutoka Kilambo akiwa amefura.

"Dada, nangu nimechoka," alisema, kwani akikasirika hata 'mimi' humtoka kwa Kimakonde. "Dawa tunatoa leo, malipo baada ya miezi minne, tena nusu. Lifunge hilo dirisha, tuuze taslimu kama wenzetu."

"Na wagonjwa wangu wa kule kijijini Msimbati?"

"Waende hospitali."

"Wakizikosa hospitali ndipo wanakuja hapa, Eusebio. Nikifunga, waende wapi?"

Ndugu yake alimpa mwaka mmoja, basi.

Felismina alikaa na madai yaliyokataliwa, akayasoma moja baada ya jingine, na mkosaji aliyemkuta mwishoni alikuwa yeye mwenyewe. Watu wa Msimbati walikuwa wanatoka mbali, naye kwa kuwaonea huruma ya nauli aliwapa dawa za miezi miwili kwa kibali cha mwezi mmoja. Mfuko ulikuwa unakataa kulipa, na ulikuwa na haki. Wengine aliwaruhusu waondoke na dawa ilhali daktari hajaandika ugonjwa kwenye fomu, kwa kuwa mama fulani ana mtoto mgongoni na jua ni kali. Alimwambia Zulfa, binti aliyemfundisha kutoa dawa na kumlea kama wake, "Hatujaibiwa. Huruma yangu ndiyo imetufikisha hapa, maana haikuwa na utaratibu."

Mtu mwingine angeiacha huruma. Yeye aliitafutia utaratibu. Kila alasiri waliketi na Zulfa kupitia madai ya siku hiyohiyo: daktari amesaini, ugonjwa umeandikwa, dawa imo kwenye orodha ya mfuko, idadi inalingana na kibali. Lenye kasoro lilirekebishwa kabla jua halijazama, hata kama ni kumfuata mgonjwa alipo. Mzee Isihaka, aliyesahau kuweka saini, alifuatwa hadi kwenye harusi mtaa wa Shangani, mkono umejaa pilau. "Hata hapa, Mama Neusa?" akauliza. "Hata hapa, mzee wangu. Nawa kwanza, uweke saini, halafu usisahau kile kidonge cha mchana." Madai yalianza kupelekwa mwanzoni mwa mwezi badala ya kusubiri mtu apate nafasi. Yaliyorudishwa aliyajibu kwa hoja, hakuyatupia kwenye droo. Na dawa za bima alizitengea fungu lake, ili mfuko ukichelewa, biashara ya taslimu isizame nazo.

Kwa watu wa Msimbati alikwenda yeye. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi alipakia dawa za mwezi mmoja, kama kibali kinavyotaka, kwenye kisanduku cha bluu, akapanda pikipiki hadi kijijini. Huko kila mmoja alipokea, akasema mwenyewe, ndipo akasaini. Malipo yalipoanza kuingia kamili, Eusebio hakusema kitu, na anayemjua Eusebio anajua kwamba kunyamaza kwake ni pongezi. Ila safari ya Msimbati hakuikubali kamwe. Aliita kile kisanduku "mzigo wa wenye muda wa kupoteza", na kila mwaka alirudia kwamba dirisha litakufa na dada yake.

Mwezi Oktoba 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Dar es Salaam, akapata nafuu, akarudi kazini akiwa amefunga kitambaa kichwani, na alipoulizwa alisema nywele ziko likizo. Safari yake ya mwisho ya Msimbati ilikuwa Novemba 2024. Alirudi amechoka mno, Zulfa akamshusha kwenye pikipiki kama anavyoshushwa mtoto. Tangu hapo hakutoka tena nyumbani.

Katika wiki yake ya mwisho daktari alimwandikia dawa ya maumivu. Ilikuwapo kwenye rafu ya famasi yake mwenyewe, hatua chache kutoka kitandani, lakini alikataa kuigusa mpaka kadi yake ihakikiwe kama ya mgonjwa mwingine yeyote. Zulfa alifanya hivyo, akarudi na dawa pamoja na fomu, akasimama pale, machozi yanamtiririka.

"Niulize, basi," marehemu akamwambia. "Si nimekufundisha?"

Zulfa alianza, kilio kikamzidi.

"Basi nasema mwenyewe. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula kidogo. Umesikia, mwanangu? Haya, lete nisaini."

Alisaini. Kisha akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa ameketi miguuni pake, akamwuliza, "Eusebio, na dirisha?"

Eusebio aliinuka. Alitoka nje akaegemea ukuta, akalia kwa sauti, mtu mzima yule, mpaka majirani wakadhani tayari kuna msiba. Aliporudi ndani alimkuta dada yake amelala, akaona asimwamshe, atamjibu kesho.

Marehemu hakuamka. Alifariki dunia alfajiri ya Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, nyumbani kwake Magomeni, akiwa na umri wa miaka 55. Amerudishwa hapa Kilambo leo Jumamosi, tarehe 15 Machi, kulala karibu na wazazi wake. Inauma, na hatutasema haiumi.

Ameacha mume, mzee Fredi Mnali. Watoto wawili, Neusa na Elton. Binti wa kulea, Zulfa. Mdogo wake, Eusebio. Na wagonjwa wake wa Magomeni, Shangani na Msimbati, ambao wengi wamefika wenyewe, na tunawaona.

Familia imekubaliana kutosubiri arubaini kuamua habari ya dirisha. Mzee Eusebio ameomba jibu ambalo dada yake hakulisikia lisomwe hapa, mbele yake, kwa maneno yake mwenyewe: "Dada, dirisha litafunguliwa Jumatatu asubuhi, na Zulfa ndiye atakayekaa hapo. Jumamosi ya kwanza ya Aprili tutakwenda Msimbati. Kisanduku nitakibeba mimi."

Pumzika, Mama Neusa. Amani ya Bwana ikae nawe.