Viatu vya Kuzungukia

Benchi la kijiwe limeegemea kibanda cha fundi viatu, na anayekaa upande wa mlangoni lazima akunje miguu ili fundi apate mwanga. Kila alasiri hukaa hapo watu watatu. Yupo Wembe, kinyozi aliyestaafu, ambaye hadi leo akimwona mpita njia humtazama kisogo kwanza. Yupo Gazeti, aliyekuwa tarishi wa ofisi kwa miaka thelathini na ambaye alisoma kila karatasi aliyotumwa kuipeleka. Na yupo Birika, muuza kahawa, ambaye kila siku husema anapita tu, kisha hapiti. Fundi mwenyewe, mzee wa miaka sitini na tisa, hukaa kwenye kigoda ndani ya mlango na kuwasikiliza huku akigonga misumari. Siku hiyo hakugonga kitu. Alikuwa amepakata viatu vya mkewe, vyeusi vya kamba, na kisu chake cha ngozi kilikuwa sakafuni, hakijaguswa tangu saa saba.

— Fundi, hivyo viatu unavitengeneza au unavibembeleza vilale? — akauliza Wembe.

— Nafikiri.

— Wewe ukianza kufikiri, mtaa mzima tutatembea peku. Kuna nini?

Fundi akavigeuza viatu, soli juu. Zilikuwa soli nene za mpira, zenye mistari kama tairi la trekta. Alizibandika mwenyewe miaka miwili iliyopita, wiki ile mkewe alipoanguka jikoni akavunjika nyonga. Baada ya hapo alibandika mpira kwenye kila kitu mama yule alichokuwa akivaa, hata ndala za bafuni.

— Anataka niubandue, — akasema. — Niweke ngozi. Laini, nyembamba, inayoteleza.

— Inayoteleza! — Gazeti akaweka kikombe chini. — Ndivyo alivyosema?

— Kwa mdomo wake. Anasema mpira unashika sakafu. Akizunguka, mguu unabaki nyuma, goti linalia. Jumamosi watu wanakuja kuwatazama wakicheza, na leo akitoka ukumbini saa kumi anataka avikute tayari.

Wote wanne wakatazama ng'ambo ya barabara. Huko kuna ukumbi wa mtaa, wenye madirisha yaliyopakwa rangi nyeupe hadi usawa wa kichwa. Kwa miezi minne sasa, mara mbili kwa juma, wazee kumi na wawili huingia humo kujifunza kucheza: si kurukaruka, bali kusimama wima, kunyoosha mikono, kugeuka polepole, kuufanya mwili useme. Mke wa fundi alikuwa wa kwanza kuandika jina.

— Mimi shemeji namwona akipita, — akasema Wembe. — Zamani alitembea ameinama kama anatafuta sindano. Sasa shingo juu, mabega nyuma. Nikajiambia, huyu mama ana nini?

— Ana nini? — fundi akauliza haraka, kwa sauti ambayo hakuipenda mwenyewe.

— Sisemi kitu. Ila nilikuwa na mteja mmoja, mzee mzito, akija kunyolewa kiti kinalia. Siku moja akaingia mwepesi, anatabasamu. Nikamnyoa. Wiki tatu baadaye tukamzika.

— Wembe, acha hizo, — fundi akasema.

— Nakueleza nilichokiona! Mwili ukitaka kuaga huwa mwepesi kwanza.

Fundi akacheka ili wenzake wamwone akicheka. Lakini ilikuwa kweli: mkewe alikuwa mwepesi. Asubuhi ile alimkuta jikoni amenyoosha mkono kuelekea kabati la juu, wala hakuwa akichukua kitu. Mkono ulipanda taratibu, kiwiko kwanza, halafu kifundo, halafu vidole vikafunguka kimoja kimoja, na uso wake ulikuwa uso ambao fundi hakuwa ameuona tangu binti yao wa mwisho azaliwe. Badala ya kufurahi, alimwambia: "Shika meza."

— Wembe hajui sayansi, — akasema Gazeti. — Suala ni uti wa mgongo. Mtu akiinama miaka mingi, damu inazoea njia ile. Ukimnyoosha ghafla, damu inapotea njia.

— Inapotea inakwenda wapi? — akauliza Birika.

— Ndiyo swali wanalojiuliza wataalamu. Nilisoma.

— Ulisoma wapi?

— Kwenye faili. Halikuwa langu, kwa hiyo sikufika ukurasa wa mwisho.

— Mimi naona jambo jingine, — Birika akasema huku akijimiminia kahawa yake mwenyewe. — Wale wazee wanatoka humo wanatembea kama wageni rasmi. Mtu akishajua kutembea hivyo, atakubali kweli kurudi kukaa nyumba yenye zulia lililokunjana? Fundi, usinielewe vibaya. Lakini mtu hajifunzi kuzunguka ili abaki palepale.

— Ataniacha? Ana miaka sitini na mitano!

— Ndiyo umri wenyewe. Watoto wamekua, nyonga imepona.

— Mpime uzito, — Wembe akarudia hoja yake. — Umpime leo, umpime kesho. Akipungua hata kidogo, mfungie mlango.

— Na urefu, — akasema Gazeti. — Akiwa amerefuka, mapafu yamevutika. Hapo ni hospitali moja kwa moja.

— Amerefuka, — fundi akasema kwa sauti ya chini. — Gauni lake la kijani limepanda vidole viwili.

Gazeti, aliyeleta habari ya urefu, alionekana kujuta.

Wakati huo mwanamke mmoja akavuka barabara akichechemea, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alikuwa amevaa kiofisi na kubeba mkoba wa makaratasi. Kisigino kilikuwa kimechomoka.

— Shikamooni wazee. Fundi ni nani? Nina haraka kidogo.

— Marahaba, binti. Kaa hapo, — fundi akasema, akashukuru kupata kazi nyingine. Akaviweka viatu vya mkewe pembeni, akapaka gundi, akatafuta misumari midogo. Mwanamke akaketi kati ya Wembe na Gazeti, mguu mtupu juu ya mwingine. Na kwa kuwa kijiwe hakijui kumnyima mgeni habari, dakika tatu hazikupita alikuwa ameshaelezwa yote: nyonga, ngozi, damu iliyopotea njia, zulia, na gauni la kijani.

Alisikiliza vizuri. Mwishoni akauliza:

— Kwani anachezaje? Nani amemwona?

Wembe akamtazama Gazeti. Gazeti akamtazama Birika.

— Tunamwona akiingia, — akasema Wembe.

— Na akitoka, — akasema Gazeti.

— Nauliza humo ndani, akicheza.

Birika akainua birika lake, akalitikisa, kana kwamba jibu lingeweza kuwa ndani. Wote watatu wakageuka kumtazama fundi. Fundi alikuwa na msumari mdomoni. Akautoa.

— Sijamwona, — akasema.

— Miezi minne? — Mwanamke hakuwa na kejeli, alishangaa tu. — Na mlango uko palee?

Fundi akampigia misumari mitatu ya mwisho, akamrudishia kiatu. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba hata siku ile mkewe alipoanguka jikoni hakuona. Alisikia tu, akiwa sebuleni: kishindo, kisha sufuria ikizunguka sakafuni peke yake kwa muda mrefu. Tangu hapo ameliona anguko hilo mara elfu, na kila mara linakuwa baya zaidi, kwa sababu kila mara analitunga yeye. Ndiyo maana hakwenda ukumbini. Hakutaka awepo siku litakapokuja la kweli.

— Nishikieni kibanda, — akasema, akainuka.

Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha bega. Ndani hapakuwa na muziki. Mwalimu, kijana mwembamba, alikuwa akihesabu kwa kupiga kofi taratibu. Wazee walisimama katika duara, na fundi alimtambua mkewe, aliyekuwa peku, kwa mgongo kabla ya uso. Mikono yake ilipanda kama anaanika shuka kwenye kamba ya juu mno, na alikuwa hana haraka ya kuifikia. Akaanza kugeuka. Unyayo mmoja ukaacha sakafu.

Fundi akashika fremu ya mlango. Akataka kuita, akajua kwamba sauti yake ndiyo ingemwangusha.

Mkewe akayumba. Aliyumba kweli, bega likaenda upande, mkono ukapoteza njia. Mguu ukashuka, ukaitafuta sakafu, ukaikosa, ukaipata. Akasimama. Akacheka kwa sauti, yule mama wa miaka sitini na mitano, akafuta jasho juu ya mdomo, akauanza upya mzunguko uleule, mkono ukipanda kwa raha zaidi kuliko mwanzo.

Fundi alirudi akiwa ameloa kwapani. Mwanamke wa ofisini alikuwa amekwisha kwenda.

— Enhe? — Wembe akasogea. — Umeona nini?

— Ameyumba.

— Niliwaambia! Akaanguka?

— Hapana.

— Sasa akafanyaje?

— Akacheka, — fundi akasema, akaketi, akaokota kisu.

Mpira ulikuwa umebandikwa na mtu mwenye hofu. Ulitoka kwa shida, vipande vipande. Akakata ngozi, akaibandika, akaipiga msasa mpaka ikang'aa. Saa kumi mkewe alivuka barabara akiwa na ndala, akawaamkia mashemeji, akavaa viatu akiwa amesimama. Akajaribu hatua moja kwenye saruji. Mguu ukateleza kidogo, na fundi alikuwa ameshafika, ameshika kiwiko chake kwa mikono miwili.

— Niache, baba watoto.

— Nimekuacha.

— Bado.

— Nimekuacha, mama. Zunguka tu.

— Fundi, — akasema Wembe kwa upole, — mikono.

Fundi akaitazama mikono yake kama ni ya mtu mwingine. Akaachia mmoja. Akavuta pumzi, akakaza macho kwenye nyayo za mkewe, akaachia na wa pili.