Namba Iliyo Nyuma ya Gari la Mkate

ORPAH: Haloo? Haloo? Nimempata nani?

MOKEIRA: Umepata depo ya mkate, Migori. Mimi ni Mokeira, msimamizi wa madereva. Nikusaidie aje?

ORPAH: Habari ya asubuhi, madam.

MOKEIRA: Mzuri. Za huko?

ORPAH: Tunashukuru Mungu. Mimi ni mke wa Maroa, yule dereva wenu wa njia ya Homa Bay. Mama Bravin. Napiga kutoka Oyugis.

MOKEIRA: Mama Bravin. Ngoja nitoke nje, hapa wanapakia mkate, ni kelele tu. [mlango unafungwa] Haya, sema.

ORPAH: Nimetumia hii namba iko nyuma ya gari. Sina ingine. Madam, juzi niliona gari ya Maroa imesimama hapa sokoni, nikakimbia kumsalimia. Kumbe ni dereva mwenzake, Caleb, anaendesha. Nikamuuliza Maroa ako wapi, akaangalia chini. Akasema Maroa alifutwa, niulize ofisi.

MOKEIRA: Hukuwa unajua?

ORPAH: Nilifikiri analala depo, kama siku zingine za safari. Sasa nasikia kuna mtu aliwapigia, akamsema vibaya.

MOKEIRA: Malalamiko yalikuja, ndiyo.

ORPAH: Na huyo mtu akisema alikosea? Akitaka kutoa hayo maneno? Kazi si inaweza kurudi?

MOKEIRA: Apige yeye mwenyewe, tutaongea.

ORPAH: Lakini kama —

MOKEIRA: Yeye mwenyewe, mama. Mambo ya mlalamishi hatuongei na mtu mwingine.

ORPAH: Ni mimi.

MOKEIRA: Najua.

ORPAH: Unajua?

MOKEIRA: Hiyo simu niliichukua mimi. Ulisema wewe ni jirani, unauza samaki Magunga. Leo ulipoanza tu na habari ya asubuhi, nikakukumbuka. Sikujua tu kwamba huyo jirani ni mke wa Maroa.

ORPAH: Woi. Woi, yawa!

MOKEIRA: Usilie. Kwa nini ulifanya hivyo?

ORPAH: Kezia wa kanisa letu ana dada Magunga. Akaniambia gari yenu husimama kwa boma fulani kila Alhamisi. Maroa anaingia, anakaa. Kuna msichana anamkimbilia akimwita baba. Sasa wewe, ungefanya nini? Nipeleke hayo maneno kanisani, Sabato ikifika kila jicho liwe kwangu? Kwao Kuria ni mbali, na mama mkwe angeniambia ninyamaze tu. Nikaona ile namba, nikapiga, nikasema ana mwanamke huko.

MOKEIRA: Ile ni ya dereva akiendesha vibaya, mama. Akimtukana mwenye kioski.

ORPAH: Najua ni ya hayo, mimi si mjinga. Lakini kwetu mwanaume akikosea, unamshtaki kwa mtu anamheshimu. Wanamkalisha, wanamkanya, anarudi nyumbani akiwa mpole, mambo yanaisha. Baba yake Maroa alikufa. Na huyo Maroa kila siku ni bosi amesema hivi, bosi hapendi vile. Nikasema, basi acha bosi amkalishe.

MOKEIRA: [anapumua] Bosi hakalishi mtu, mama.

ORPAH: Sasa nimejua.

MOKEIRA: Gari limepakwa jina la bosi kila upande. Na wateja wetu karibu wote ni akina mama. Mwaka jana dereva wa kampuni nyingine alirekodiwa akigombana na mwanamke kando ya barabara, video ikazunguka kila simu, watu wakakataa mkate wao. Tangu siku hiyo, bosi akisikia dereva na wanawake, roho inamruka.

ORPAH: Kwa hivyo mkamfukuza, basi.

MOKEIRA: Hapana, si hivyo! Dereva anaitwa, anaelezwa, anapewa nafasi ajibu. Akikataa, tunatuma mtu aulize huko. Maroa hakukataa.

ORPAH: Hakukataa?

MOKEIRA: Alisema ni kweli.

ORPAH: [mtandao unakwaruza] ... basi ni kweli. Basi ana mwanamke.

MOKEIRA: Subiri nimalize —

ORPAH: Na mimi hapa nalia nikimwombea kazi!

MOKEIRA: Mama Bravin! Nisikilize. Caleb alipochukua hiyo njia, alisimama kwa hiyo boma. Akatoka mama mzee, amejifunga leso, akamuuliza Maroa ni mgonjwa? Msichana yuko, ndiyo. Anaitwa Liz. Ni wa Maroa, wa kabla yako. Mama yake alikufa akimzaa. Pale ni nyanya na mtoto tu. Uko?

ORPAH: Niko. Bravin ana dada.

MOKEIRA: Eeh. Na kila mtu Magunga anajua.

ORPAH: Isipokuwa mimi napikia baba yake. Kwa nini hakuniambia?

MOKEIRA: Hata sisi hakutuambia. Labda aliogopa, muda ukapita, ikawa ngumu zaidi.

ORPAH: Ningemchukua! Madam, ningekasirika, sikatai. Ningehamia kitanda cha Bravin, nimnunie mpaka achoke. Halafu ningesema kalete huyo mtoto. Roho hiyo ninayo. Yeye alifikiri sina?

MOKEIRA: Sijui, dada yangu.

ORPAH: Inaniuma. Inaniuma kuliko hata angekuwa na mwanamke.

MOKEIRA: Pole. Pole sana. Nilimwambia bosi yale Caleb aliona. Akasema, mwite arudi, lakini aje mwenyewe, ajieleze. Nimempigia mpaka nimechoka. Simu imezimwa. Ulipotaja jina lake leo, nilifikiri unanipatia yeye.

ORPAH: Na mimi nilifikiri ako kwenu, anamwomba bosi.

MOKEIRA: Hajakanyaga hapa. Motari, huyu mpakiaji wetu, alimwona Masara.

ORPAH: Masara? Kwa mashimo ya dhahabu?

MOKEIRA: Amefunga tochi kichwani. Motari akamwita, akageuka, akashuka ndani.

ORPAH: Maroa? Maroa anaogopa choo kikiwa na giza! Mimi ndiye humsindikiza! [anacheka, kicheko kinageuka kilio] Mungu wangu. Na mvua yote hii.

MOKEIRA: Sikutaka kukutisha —

ORPAH: Naenda leo. Bravin namwachia jirani, naenda. Nitauliza shimo kwa shimo. Nikimpata nimwambie bosi amekubali, sivyo?

MOKEIRA: Mwambie hivyo. Mwambie hata leo jioni aje.

ORPAH: Asante. Na madam, kitu kimoja nakuomba, uniwekee kwa tumbo. Akirudi, usimwambie ni mimi nilipiga. Nitamlea Liz, nitafanya yote, sitamuuliza hata swali. Lakini hilo asijue. Nakuomba kama dada. Haloo? Umenisikia? Kredo ya simu inaanza kulia.

MOKEIRA: Nimekusikia. Mama Bravin ... simu za hiyo namba zinarekodiwa.

ORPAH: Si unaweza kufuta?

MOKEIRA: Dereva akisemwa, bosi anataka asikie mwenyewe yale amesemewa, asiseme tumemtungia. Jina hatutaji. Lakini tunamfungulia asikilize.

ORPAH: Mlimfungulia?

MOKEIRA: Mimi ndiye nilimfungulia. Alikuwa amekuja akiwa mkali, kofia mkononi, anataka kujitetea. Ulipoanza kuongea, akakaa. Akasikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza, una la kujibu? Akasema, "Huyo mama si mwongo. Andika ni kweli." Mimi nikadhani ni dhambi inamsumbua. Leo ndio naelewa.

ORPAH: Ilikuwa siku gani?

MOKEIRA: Jumanne, mchana. Bosi akamfuta saa hiyo hiyo, hatukumwona tena.

ORPAH: Jumanne alikuja nyumbani.

MOKEIRA: Mama —

ORPAH: Alikuja mapema. Nilikuwa nimeshamnunia, nikaweka chakula mezani bila kumwangalia. Omena na ugali. Akala yote. Akaniuliza mgongo wangu unaendeleaje. Mimi nikasema tu, uko hapo. [mtandao unakwaruza] ... na asubuhi akachota maji, akajaza mitungi yote, hata ile ya kuku —

MOKEIRA: Mama Bravin, kata, nikupigie mimi.

ORPAH: Naenda Masara, madam, kredo imeisha. Asante, Mungu akubariki. Alikuwa anajua! Alikaa hapo, anajua ni mimi, na akanishukuru kwa cha —

MOKEIRA: Haloo? Mama Bravin? Haloo?