Tuliomba Kabla ya Kuwasha

Wenye kukaa nyuma, munanisikia? Sogeeni kidogo. Miye mutu wa bafle, yale masanduku ya kukuza sauti, na leo ninasema na koo tupu.

Wandugu wa likelemba yetu, siye tunaochangiana feza kwa zamu, munanijua. Kwenye ndoa, kwenye matanga, sauti ilikuwa ya kwangu. Bafle mbili na ampli, ndizo zililisha nyumba. Zilipoanza kukoroma nikaziuza, nikatafuta zingine kwenye telefone, zilizotumika lakini nzima.

Nikaona za mutu mumoja wa Niania, mbali na hapa. Picha safi. Video nayo: bafle zinaimba wimbo wa kanisa mpaka dirisha linatetemeka. Nikamupigia. Sauti yake pole, sawa ya shemasi. Akauliza bibi yangu, mama ya watoto wangu, anaitwa nani, na watoto wanaendelea namna gani. Kisha akasema, "Ndugu, hii ni kazi ya Mungu. Tuombe kwanza." Akaomba palepale kwenye telefone, akamutaja bibi yangu kwa jina. Ndugu zangu, nawaambia, nililia.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Bibi yangu iko na kaka yake kulekule Niania. Akaniambia, "Tuma kaka aende aziwashe, asikie na masikio yake." Nikakataa. Mutu tumeomba naye, halafu nimutumie mupelelezi? Ni sawa kumuita mwizi. Nikatuma feza yote.

Bafle zikafika na kamioni, nzito kabisa. Nikafurahia ule uzito! Nikazipeleka moja kwa moja kwenye ndoa. Bibi-arusi iko mulangoni, anangoja wimbo wa kuingilia. Nikawasha. Kimya. Nikageuza nyaya, jasho linanitoka. Kimya. Baba ya bibi-arusi akanisogelea polepole: "Papa, ondosha masanduku yako. Siye tutapiga makofi." Nikafungua nyuma. Matofali, yamefungwa na matambara yasigongane. Ile namba ya Niania ilikuwa imekufa.

Tangu hapo hakuna anayeniita. Bibi yangu anashuka Kasenyi kutafuta samaki wa kuuza, na miye nikabaki kitandani ninaangalia ukuta. Sitawaficha, nilitamani kufa.

Siku moja kwaya ya Nyankunde wakanipigia. Waliona picha ya bafle niliyoweka kwenye telefone siku ya furaha, zilipofika, wakafikiri ninaziuza. "Papa, tunakuamini. Tuombe kwanza?" Nyumbani unga ulikuwa umekwisha. Nikafunga macho, nikaanza, "Baba yetu..." Nikafungua macho. Nikawaambia, "Acheni. Ndani iko matofali. Na popote mutakaponunua, tumeni mutu awashe, afungue, asikie. Kisha muombe." Wakakata telefone. Nikaamka, nikanawa uso. Sikupata kitu kingine siku ile.

Asante mama prezidanti wa likelemba, ulikataa nifukuzwe hapa hata nilipokuja mikono mitupu, bila muchango. Asante bibi yangu. Hajanikumbusha hata mara moja lile neno la kumutuma kaka yake. Angenitukana ningepumua kidogo.

Wandugu, mwenye bafle nzima hakasiriki ukimuambia aiwashe. Akikasirika, au akikimbilia maombi, weye rudisha feza yako mufukoni.

Mama prezidanti ameniambia nifunge mukutano kwa maombi. Munisamehe. Kila nikifunga macho ninasikia sauti ya yule mutu, anamutaja bibi yangu. Mwingine aombe. Miye nitasema amina.